Mikono ya Byamungu Ilivyoazimwa

Ifahamike kwa watu wote wa Louisville, Columbus na Buffalo, wachungaji na wachungwa, wanakwaya wa sauti zote nne pamoja na wale wanaofungua tu midomo, kwamba yafuatayo ni maisha na matendo ya mpiga gitaa la solo hodari kuliko wote waliowahi kuvuka bahari kwa ndege ya wakimbizi. Wasomaji wanaombwa kusimama.

Wanaweza kukaa. Hodari mwenyewe, Jumamosi moja ya Mei mwaka 2015, alikuwa amekaa pia, juu ya kifuniko cha choo, katika fleti ya ghorofa ya pili huko Iroquois, upande wa kusini wa Louisville. Gitaa lilikuwa mapajani. Choo ndicho kilikuwa chumba pekee nyumbani kwao chenye mlango unaofungwa na mwangwi wa bure.

Jina lake Byamungu. Siku tano za wiki, na mara nyingi ya sita, alipakia maboksi ya viatu katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Saa zilizobaki alipiga gitaa. Alitaka kuligeuza jambo hilo: gitaa liwe kazi, na maboksi wayapakie wengine.

Mlango ukagongwa.

"Byamungu! Toka mu choo. Watu iko na tumbo huku."

"Mama, bado kidogo. Natafuta mwisho ya solo."

"Solo inakulishaka? Inakuvalishaka? Toka."

Mama huyo ni Mama Adolphine, anayewaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa na chuki na muziki. Aliuona kama sala: kila mtu anapaswa kuufanya, na hakuna anayepaswa kusema ndiyo kazi yake. Watu walipomuuliza mwanawe anafanya nini hapa Amerika, alijibu, "Viatu."

Wiki hiyohiyo simu ilipigwa. Aliyepiga ni Patricia, mama wa Kikongo aliyekulia Louisville, ambaye alikuwa amepewa jukumu la kuchagua wanamuziki wa jukwaa la kiangazi katika bustani ya mtaa. Alikuwa ameona video ambayo Byamungu alijirekodi chooni. Alisema atampa nusu saa nzima, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na jina lake litaandikwa kwenye ubao. Watu wakimpenda, atamwingiza katika bendi itakayozunguka majukwaa ya mji mwaka mzima unaofuata.

"Hii ni kazi," Patricia alisema. "Haiko sadaka ya upendo. Kazi."

Byamungu akamwomba alirudie neno hilo. Akalirudia.

Mama Adolphine aliposimuliwa, aliacha kukoroga, mwiko ukiwa bado ndani ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo.

"Kazi kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Na jina yako ku ubao?"

"Jina yangu."

"Bon. Basi rudi mu choo, maliza solo. Sisi tutaendaka kwa jirani."

Hapa lazima ielezwe desturi moja, kwa faida ya wasomaji wanaosali katika makanisa tajiri. Makanisa ya watu wetu ni madogo na hukodi kumbi. Hakuna lenye vyombo vya muziki kamili. Moja lina spika, jingine lina mikisa ya kuchanganyia sauti, la tatu lina ngoma zisizo na vijiti. Kwa hiyo vyombo huazimwa, na kila Jumamosi magari huzunguka kuvikusanya. Anayeombwa hakatai. Kukataa ni kuzuia kazi ya Mungu, na hutajwa hata kwenye mazishi ya aliyekataa. Kurudisha si lazima sana. Chombo hurudi siku mtu mwingine anapokihitaji zaidi. Ipo mikisa moja iliyonunuliwa Louisville ambayo imeonekana katika majimbo matatu, na kote imeshukuriwa madhabahuni.

Siku chache baada ya simu ya Patricia, Aganze alikuja. Aganze ni mwimbaji. Yeye na Byamungu walikulia pamoja katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako mmoja aliimba na mwingine alipiga gitaa la dumu la mafuta lenye nyuzi za breki ya baiskeli. Walikuwa na suruali moja ya kanisani: Aganze aliivaa ibada ya kwanza, Byamungu ya pili. Sasa Aganze alikuwa amealikwa kuzindua nyimbo zake katika kanisa la Wakongo huko Whitehall, pembeni mwa Columbus, na alimkuta rafiki yake katika maegesho ya magari akienda kazini.

"Kaka, bila weye hakuna muziki. Niimbe na muziki ya flash, sawa mutu anaimbia mu baa?"

"Ku kazi wamekatala. Nikikosa hii Jumamosi, wananifukuza."

"Donc, tufanye je?"

Byamungu aliitazama mikono yake. Hakuwa amewahi kumnyima mtu chombo.

"Chukua hii basi," alisema. "Ku viatu siihitaji sana."

Akauzungusha mkono wa kushoto pale kwenye kifundo, taratibu, kama mtu anayetoa balbu, ukatoka. Wa kulia Aganze alimsaidia, kwa sababu hapo Byamungu hakuwa tena na wa kuuzungushia. Damu haikutoka. Aganze aliilaza mikono katika begi la gitaa alilokuja nalo, juu ya nyuzi, akaifunika kwa kitambaa isipigwe na kiyoyozi cha gari.

"Jumapili iko hapa," alisema.

"Usiwaache watu waisalimie sana. Inachokaka."

Kazini, msimamizi wa ghala alimtazama Byamungu usoni, kisha kwenye vifundo, kisha akamkumbusha kwamba glavu ni za lazima. Byamungu akavalishwa glavu. Alisukuma maboksi kwa vigasha mpaka mwisho wa shifti, na hakuna aliyemlalamikia.

Jumapili jioni mikono ilirudi kama ilivyoahidiwa. Ilinukia mawese, na vidole vilikuwa vimevimba kidogo kwa kushangiliwa. Mama Adolphine aliikanda kwa maji ya moto yenye chumvi kabla ya kumrudishia mwanawe. "Inaonekana walikula muzuri," alisema, akitoa punje ya wali kwenye kucha.

Mara ya pili ilirudi Jumatano. Mara ya tatu, mwanzoni mwa Julai, haikurudi.

"Iko njiani," Aganze alisema kwenye simu. Baadaye akasema iko njiani lakini njia ni ndefu. Baadaye akaacha kupokea.

Byamungu aliendelea na shifti zake. Mama yake alimlisha, akimviringia tonge na kulichovya mchuzini, na alifanya hivyo kwa haraka ya mtu aliyezoea, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mchana kutwa. Siku moja mezani Byamungu alikuwa akipekua simu kwa ncha ya pua, na akakuta tangazo limesambazwa na watu wengi. Lilikuwa na picha ya Aganze ndani ya suti ya buluu. Kando yake, juu ya mto mweupe, ilionekana mikono. Maandishi yalisema: AGANZE NA MIKONO YA BARAKA.

Byamungu alilisoma tangazo kutoka juu akitafuta jina lake. Alipofika chini kabisa alikuta jina la aliyechora tangazo.

"Mama," alisema, "jukwaa ya Patricia inakaribia."

Mama Adolphine alinawa. Kisha akachukua ufunguo wa gari, waanzie Columbus, kwa wale wa kwanza kuiazima mikono. Leseni yake ilikuwa haijatimiza mwaka, na barabara kuu aliipita kwa mwendo wa msafara wa mazishi, malori yakimpigia honi pande zote mbili. Alikuwa amepika bakuli la sambusa la kumpelekea Aganze, kwa sababu alikuwa bado anaamini kwamba kuna maelezo.

"Pengine aligonjwa," alisema walipotoka mjini.

Walipofika karibu na Cincinnati alisema pengine simu yake iliharibika. Baada ya hapo alihesabu vibao vya njia mpaka Columbus.

Mtunza vyombo wa kanisa la Whitehall aliitwa Gaspari. Sebule yake ilikuwa imejaa spika, kwa hiyo wageni walikalia spika. Akawapa soda. Byamungu alikunywa kwa mrija, mama yake akiushika.

"Bon," Gaspari alisema, "mikono ilikuwa hapa kwangu. Hatukuitesa. Angalia, hata muto iko nayo." Alionyesha mto mdogo wa satini juu ya kabati la vyombo. "Watoto yangu walikuwa wanaisalimiaka kila asubuhi mbele ya kunywa chai. Ile ya kuume iko na heshima sana."

"Na sasa iko wapi?"

"Warundi ya Buffalo waliomba spika mbili na mikono. Tukawapatia. Tungewakatalia je?"

"Lakini ni mikono yangu."

Gaspari alimtazama kwa adabu. "Papa, Aganze alituambia ni ya huduma."

"Huduma gani?"

"Yake."

Aliwasindikiza hadi kwenye gari. Akawaombea safari njema, na akawaomba, wakifika Buffalo, wawakumbushe Warundi habari ya stendi ya maiki waliyoazima zamani.

Kanisa la Warundi lilikuwa Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, katika jengo lililokuwa zamani duka la magodoro. Byamungu na mama yake walifika kesho yake alasiri, mkutano wa injili ukiwa umepamba moto. Mbele kulikuwa na kiti. Gitaa lilikuwa limelala juu ya kiti, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka shingoni mwake, wa kulia ukichezesha nyuzi. Aganze aliimba pembeni. Mwanamke mmoja aitwaye Kostansia alipanda akaifuta mikono jasho kwa leso, kisha akaitia leso mkobani bila kuikunja.

Byamungu alisimama katikati ya ukumbi na kusikiliza. Solo hiyo aliitambua. Ni ile ya chooni. Ila sasa ilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa mzuri, na yeye hakuwa ameupata.

Akaenda mbele. Akasimama mahali ambapo mikono ingemwona, kama mikono huona. Mkono wa kulia ukaacha nyuzi kidogo, ukampungia, kama mtu anavyompungia jirani waliyekuwa wakiishi naye jengo moja miaka ya nyuma. Kisha ukarudi kazini.

Mzee wa kanisa, Zenoni, aliwapeleka wageni katika chumba cha pembeni. Alikuwa Mrundi mpole, mwenye Kiswahili cha kambi za Tanzania kilichonyooka.

"Karibuni sana. Kijana, unasema mikono ile ni yako?"

"Ni yangu."

Zenoni aliviangalia vifundo, kimoja baada ya kingine. "Naona. Sikatai. Tatizo ni kwamba Jumapili iliyopita tuliiweka wakfu. Mchungaji aliipaka mafuta, pamoja na kinanda na spika mbili. Na kitu kilichowekwa wakfu hakirudi kwa mtu. Tukianza kurudisha, kesho atakuja mwingine kudai paa."

"Spika ile iko ya Columbus," Mama Adolphine alisema.

"Spika nazo," Zenoni alikubali kwa masikitiko, "hazitarudi."

"Mzee, mimi nilimuzaa huyu na mikono mbili. Nilihesabu. Kuna mutu aliniuliza mimi mbele ya kupaka mafuta?"

Zenoni alilifikiria swali hilo kwa haki. "Hakuna, mama. Hilo tulikosea, na nitalisema katika kikao. Lakini mafuta yameshaingia." Kisha uso wake ukachangamka. "Ila hakuna anayemkataza kijana kuiazima. Aiazime kama muumini mwingine yeyote. Aseme tu tarehe."

"Jumamosi ya mwisho ya Agosti," Byamungu alisema.

Aganze alikuwa ameingia, akijipangusa shingo kwa taulo. Hakukaa.

"Ile imekwisha kukamatwa," alisema.

Walitoka nje, marafiki wawili, wakasimama kati ya magari. Mama Adolphine alisimama karibu na gari lake akiwa na bakuli.

"Nani aliikamata?" Byamungu aliuliza.

"Mimi. Patricia alitafuta mikono. Watu wakamuambia iko kwangu."

"Iko kwako?"

"Kaka, usiniangalie vile. Sikuiba. Weye mwenyewe uliitosha ku kifundo, mimi nilisaidia moja tu."

"Nilikuazima."

"Na mimi niliazima wengine. Si ndiyo vile tunafanyaka? Ungekuwa na roho mubaya ungekatala siku ya kwanza, leo hatungekuwa na hii maneno."

"Patricia aliita mimi, Aganze. Alisema kazi. Nilikuambia weye wa kwanza, mbele ya kuambia mama."

"Ndiyo, uliniambia." Aganze aliinamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua. "Bon. Nikuambie ukweli? Weye iko na shifti. Kila mara nikikuita, shifti. Mikono haina shifti. Inaingia mu begi, tunaenda. Haisemi imechoka. Haiulizi tutalala wapi. Sasa nimeona vile muziki inakuwaka kazi, na inakuwaka kazi hivi."

"Na jina yangu? Ku tangazo hakuna."

"Jina ya nini? Watu wakisoma jina wataanza kuuliza mwenyewe iko wapi. Wataanza kukuhurumia. Furaha inaisha."

Byamungu alitaka kumshika shati. Alinyanyua vigasha, akavishusha.

Mama Adolphine akasogea. "Aganze. Ulikulaka kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikushoneaka ile suruali."

"Ndiyo, mama."

"Bon. Sikulaani. Nilichoka na gari."

Akampa bakuli la sambusa, kwa sababu alikuwa amelipikia yeye, na kurudi nalo Louisville kungekuwa aibu kwa mpishi. Aganze alilipokea kwa mikono miwili. Wote watatu waliliona hilo.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti bustani ilijaa. Getini kila mtu alifungwa bangili ya karatasi. Byamungu alifungwa pia, na bangili ikateleza ikaanguka majanini. Ikafungwa tena, ikaanguka. Mlinzi alisema bila bangili haingii mtu. Mama Adolphine akazivaa zote mbili, na Byamungu akaruhusiwa kupita kama mali ya mama yake.

Ubaoni paliandikwa AGANZE.

Patricia alikuwa akipita na redio ya mkononi. Byamungu alimsimamisha.

"Mimi ni Byamungu. Tuliongea ku simu."

Patricia alimtazama, akaviona vifundo, akaelewa yote mara moja. Si mtu mbaya, na habari hii haidai hivyo.

"Sori, papa. Mu video yako niliona mikono tu. Uso haikuonekana. Nikatafuta ile mikono, nikapata Aganze, nikazani ni mutu moja, ile ni jina yako ya jukwaa."

"Sasa unajua."

"Sasa najua," Patricia alisema. "Lakini watu wamekwisha kukaa."

Akampa kiti cha mbele kabisa, na kingine cha mama yake.

Mikono ilipiga vizuri kuliko Cheektowaga. Watoto walipanda mabegani mwa baba zao ili waione. Ilipofika ile solo, bustani nzima ilisimama, na Mama Adolphine naye alikuwa tayari amesimama, akipiga makofi kwa nguvu kama mama yeyote ambaye mwanawe anapiga hivyo. Kisha akamwangalia mwanawe pembeni, akakaa. Byamungu hakupiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yao alimwambia mwenzake kwamba kijana yule wa mbele ana wivu.

Bendi ilimchukua Aganze kwa mwaka mzima, pamoja na mikono. Buffalo huiruhusu iende, maana kiwakfu ni yao, na husema hivyo kwenye kila tangazo. Columbus bado wanaisubiri stendi ya maiki. Kazini Byamungu alipandishwa cheo. Wakubwa wa ghala waliona kwamba mtu asiyeweza kushika kitu anafaa kusimamia, na hakuna mfanyakazi aliyeliona jambo hilo kuwa geni. Watu wakimuuliza Mama Adolphine mwanawe anafanya nini, hujibu, "Viatu," na sasa hujibu kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo msimulizi alikusudia kuishia. Nilikuwa nimeshapiga mstari chini ya neno la mwisho. Nikaona ni heshima kwenda Iroquois kuwasomea wenyewe, ili wanisahihishe. Nilisoma nikiwa nimesimama, kwa sauti niliyojifunza nikiwa msoma matangazo wa shule ya bweni. Byamungu alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwishoni akasema, "Iko sawa."

Mama Adolphine hakusema iko sawa.

"Weye," aliniambia. "Bweni gani ilikufundisha kwamba ile mikono inapiga muzuri kuliko zamani? Mu bustani haukuwa. Ku Buffalo haukuwa. Umetueleza vile kidole inatembea sawa mutu alikaa karibu. Uliionea wapi?"

Nilisema msimulizi ana njia zake.

"Toa simu."

Nilisema betri imeisha.

"Toa, mutoto."

Nikaitoa. Ikawaka yenyewe, kwa sababu haikuwa imezima. Picha ya mbele ilinionyesha mimi katika shati jeupe la sherehe, nikicheka, nimeshikana na mkono wa kulia wa Byamungu. Nyuma yetu paliandikwa kwa maua jina la dada yangu Esperance na la mume wake.

Basi nakiri. Harusi ilikuwa juma lililopita. Nilikuwa katika kamati, upande wa muziki. Kwenye kikao mjomba mmoja alipendekeza Byamungu aalikwe, akae hata meza ya mbele, kwa sababu ni mikono yake. Ni mimi niliyesimama nikasema, kwa maneno mazuri sana, kwamba kumwona kutawaharibia watu sherehe. Kamati ikanipigia makofi. Nikampigia Aganze na kumwambia atuletee mikono tu.

Mama Adolphine aliirudisha simu mezani, kioo kikiangalia chini.

Byamungu alifumbua macho. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu vyangu kwa jicho.

"Ilikuwa na baridi?" aliniuliza.

"Nini?"

"Mikono. Uliishika. Ilikuwa na baridi?"

Nilifikiria kumdanganya, nikaacha.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa na joto. Ilinishika vizuri. Na sikukumbuka hata kidogo kwamba ina mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali na kuambiwa kwamba kule wote ni wazima.